Shokomzoba za Ndani na Kopo la Rangi ya Njano

Vijana wa gereji, siku mliyoniaga mliniuliza swali, nikajifanya nimeshughulika na soda. Mliuliza mbona kwetu kuna mwenye kijani, mwenye nyekundu, mwenye buluu na mwenye nyeupe, lakini hakuna fundi anayepewa njano. Tangu nistaafu niko nyumbani Siakago na mbuzi, na mbuzi hawaulizi kitu, kwa hiyo nimepata nafasi ya kujibu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Habari za nani alipewa cheo na nani alilipwa nini nimeziacha, kwa sababu hizo mnazijua, au mnadhani mnazijua.

Siku yangu ya kwanza Mzee Njeru, mwenye gereji, hakunipa spana. Alinipa kitambaa, akanionyesha pikapu iliyotoka kupeleka miraa Nairobi, akasema, "Ingia chini, uangalie, utoke uniambie umeona nini."

Nikaingia, nikatoka. Nikamwambia nimeona vumbi.

"Vumbi liko kila mahali. Mahali gani limekataa kupanguka?"

Nikarudi. Kwenye shokomzoba moja ya mbele vumbi lilikuwa limeganda kama uji uliokauka kwenye sufuria. Nikamwambia. Akasema, "Basi hapo ndipo mafuta yanatoka. Shokomzoba imekufa. Sasa umeanza kazi."

Nataka mkumbuke hilo mnaposoma yanayofuata. Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuona, na sijapata mwalimu mwingine kama yeye. Nikisema mabaya yake hapa mbele, msidhani nimesahau mazuri.

Mambo ya rangi pia yalikuwa yake. Gereji nyingine hazina. Ukikaza nati, au ukichomelea kiungo, unachovya kijiti kwenye kopo lako unatia tone. Gari likirudi na shida, hakuna kubishana: tunaangalia rangi. Mzee alisema mtu akiweka jina lake mahali hatafanya kazi ya ovyo, na wengi wetu hatukuandika haraka, kwa hiyo rangi ilikuwa jina. Mimi nilipewa kijani. Mzee mwenyewe hakuwa na rangi. Wakati huo mgongo ulishamkataza kuinama, alifanya kazi kwa mdomo.

Njano ilikuwa ya Gitonga.

Gitonga alitoka Muthara, upande wa Tigania, na alikuwa mtu wa kuchomelea. Sijui nimweleze vipi kwa mtu ambaye hakumwona. Wengine tukichomelea, mshono unafanana na kinyesi cha kuku. Wake ulilala kama magamba ya samaki, gamba juu ya gamba, ukubwa mmoja. Alikuwa na maneno pia. Alinikuta mara moja nimepindana chini ya lori natafuta nati iliyoanguka, akasema, "Mucoore, toka. Hiyo nati imeshaona sura yako, haiwezi kujitokeza." Mucoore kwa Kimeru ni rafiki, na aliniita hivyo hata tukigombana.

Wakati ninaousimulia, baada ya zile mvua za El Nino zilizokula barabara zetu, Gitonga alikuwa anangoja jambo moja. Chuo cha ufundi cha vijana kilitafuta mwalimu wa kuchomelea. Hakuwa na cheti, na meneja wa chuo alimwambia wazi kwamba cheti wangeweza kukifumbia macho kama Mzee Njeru angemdhamini kwa neno lake. Mzee alikubali. Alisema angezungumza na meneja watakapokutana. Gitonga alianza kutembea na chaki mfukoni, anatuchorea viungo sakafuni na kutuita "darasa". Tulimcheka, lakini tuliona vile alivyoitaka ile kazi. Macho yalikuwa yanaanza kumuuma kwa ajili ya moto, na kufundisha kungemwezesha kutumia mdomo zaidi kuliko macho.

Hapo ndipo likaja gari la Nyaga.

Nyaga alikuwa mfanyabiashara wa Karurumo. Alinunua kasha kutoka kwa mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na gari ambalo halijaunganishwa: chesisi ya paipu za mraba, bodi ya faiba nyekundu, mikono ya kushikia magurudumu, springi, na mchoro. Injini na gia ulipaswa kutoa kwenye gari kuukuu. Watu wa Ulaya, kumbe, hujiundia magari nyumbani siku za mapumziko, vile sisi tunajenga banda la kuku. Gari lenyewe lilikuwa dogo, fupi, la viti viwili, tumbo karibu na ardhi. Gitonga alilizunguka, akasema, "Hili litakunywa kila shimo kati ya hapa na Runyenjes."

Ubishi ulikuwa juu ya shokomzoba za mbele. Gari la kawaida huziweka nje, karibu na gurudumu. Mguu wa shokomzoba unakanyaga mkono wa chini, kichwa kinashikwa juu na chesisi. Ukiinama unaiona. Gari la Nyaga lilichorwa zikae ndani, zimefichwa chini ya boneti. Mkono wa juu ulikuwa kama ubao wa pembea ya watoto: gurudumu upande huu, shokomzoba upande ule, na katikati pini iliyoshikwa na kipande kilichochomelewa kwenye chesisi. Gurudumu likipanda, ncha ya ndani inashuka na kuikandamiza shokomzoba.

Mzee alitaka tufuate mchoro. Gitonga alitaka tuzitoe nje, atengeneze mikono mipya ya chini na mahali pa kushikia kichwa. Nakumbuka waliyosema kwa sababu gereji nzima iliacha kazi kusikiliza.

"Mzee, shokomzoba ni mbwa wa boma," Gitonga alisema. "Wewe unamlaza chumbani. Mwizi akija utauliza mbona habweki."

"Na ukimlaza nje analiwa na kupe," Mzee akajibu. "Umesahau zile za pikapu? Mawe ya barabara ya Siakago yanazitoboa kama maembe. Ndani hakuna jiwe, hakuna matope."

"Ndani hakuna upepo pia. Itachemka. Na tena, pembea ikiwa na mtoto huku na mtoto kule, gogo la katikati linabeba wangapi?"

"Wawili."

"Basi hiyo pini itabeba wawili, na imeshikwa na paipu nyembamba kama mguu wa mbuzi."

"Wazungu walishapiga hesabu."

"Walipiga hesabu ya lami yao, Mzee."

Watu wakacheka. Mzee naye alicheka kidogo, halafu akanigeukia. "Ireri, wewe unasemaje?"

Nilisema nilichokiona. Kwamba mawe na matope ya kwetu yananifanya nipende ndani. Kwamba kuhusu gogo la katikati Gitonga ana haki. Kwamba kama tunafuata mchoro, tuufuate wote, na springi laini zilizokuja kwenye kasha. Gitonga akaniambia nimekaa juu ya ua, mguu mmoja kila upande, na siku moja ua utanichoma mahali pabaya.

Nyaga ndiye aliyekata shauri. Alitaka gari lionekane safi mbele, bila vyuma kuchungulia kwenye magurudumu. Basi zikakaa ndani. Gitonga alichomelea vile vipande vya katikati bila kinyongo, na baada ya kugonga maganda ya rodi ya kuchomelea na kupiga brashi alitia tone lake la njano kila upande. Nilishika taa nikaangalia. Sijaona mshono mzuri zaidi ya ule hadi leo.

Tulipolijaribu mara ya kwanza pale Embu mjini, Nyaga alirudi amekunja uso. Akasema akifunga breki pua inainama mpaka boneti inanusa barabara, na kwenye tuta tumbo limekwaruza.

Sasa hapa ningependa msome polepole. Sisi mafundi wa huku tumelelewa na pikapu za miraa. Pikapu ya miraa inabebeshwa kupita uwezo wake na kukimbizwa kupita akili ya mtu, na dawa yake ni moja: ikilegea, kaza. Ongeza jani la springi, weka shokomzoba ngumu zaidi. Dawa hiyo imetulisha miaka na miaka. Mzee alikwenda rafuni, akarudi na springi na shokomzoba za pikapu, zile nzito, akaniambia nizitafutie njia ziingie.

Gitonga alitoa barakoa usoni. "Mzee, hii si pikapu. Hii ni kikapu. Ukikaza springi, ile nguvu ya pigo la gurudumu itakwenda wapi?"

"Itakwenda kwenye chuma. Chuma ni cha kazi gani?"

"Kwenye pikapu ni chesisi nene. Hapa ni paipu yangu ile."

"Wewe umechomelea vizuri ama hukuchomelea?"

Kwa mtu kama Gitonga swali hilo halikuwa na jibu lingine. Akasema, "Nimechomelea vizuri." Akavaa barakoa yake.

Nilizifunga mimi. Zilipoingia nilisimama juu ya pua ya gari na uzito wangu wote, haikushuka hata unene wa kidole. Nilimwambia Mzee imekuwa ngumu mno, naona inaogopesha. Akasema italegea yenyewe barabarani. Nilitia tone langu la kijani kwenye kila bolti.

Nyaga alitaka gari lionekane na watu wa kwao kwanza. Jumapili moja baada ya kanisa tukawa Karurumo, watu wamejaa kando ya barabara na nguo zao nzuri, na meneja wa chuo yumo, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa pamoja na Nyaga. Mzee Njeru alikuwa amevaa koti. Gitonga alikuwa amenyoa. Tulijua baada ya gari kupita wazee hao wawili wangezungumza, na kazi ya chuo ingekuwa yake.

Gari lilipita mara ya kwanza, watu wakapiga makofi. Nyaga akageuza, akaja tena, na mara hii kwa kasi. Chini kidogo ya soko maji ya mvua yalikuwa yamekata mtaro barabarani. Aliuona, mimi nadhani aliuona, hakupunguza. Mlio haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu amevunja kuni kwenye goti. Gurudumu la kushoto lililala chini ya boneti, gari likazunguka, likaingia kwenye mahindi ya watu. Nyaga alitolewa akiwa hai, mkono umevunjika.

Watu walifungua boneti. Kila mtu alitaka kuona. Pale katikati pini ilikuwa imeng'oka na kipande chake, na kando ya mpasuko, safi kabisa, lile tone la njano.

Meneja wa chuo aliinama, akauliza, "Hii rangi ni ya nini?"

Mtu mmoja akamweleza desturi yetu. Ilikuwa inajulikana. Watu walipenda kutusifia.

"Na njano ni ya nani?"

Alikuwa anamtazama Mzee. Mzee Njeru akasema, "Ya Gitonga."

Alisema ukweli. Kama angesema uongo, labda ningepata njia ya kumkasirikia na kumaliza. Alisema ukweli, akafunga mdomo, na Gitonga alikuwa amesimama pale na nywele zake mpya.

Nilisema mbele ya watu kwamba springi na shokomzoba zilibadilishwa, kwamba nilizibadilisha mimi kwa amri, na rangi ya kijani iko pale pale wakitaka kuiona. Wakaiangalia. Bolti zangu zilikuwa nzima. Kitu kizima hakimvutii mtu. Mzee akaniambia kwa upole, "Ireri, wacha. Unamtetea rafiki yako." Basi ikawa hivyo. Nilikuwa ninamtetea rafiki.

Tuliporudi Embu na gari nilikitenga kile kipande na pini yake kwa msumeno wa chuma, nikakiosha kwa petroli, nikakiweka mezani mbele ya Mzee. Mshono wa Gitonga ulikuwa haujaguswa. Magamba yote yamelala. Paipu yenyewe ndiyo iliyoraruka, pembeni mwa mshono, vile kitambaa kinararuka kando ya kiraka kilichoshonwa vizuri. Mzee alivaa miwani. Alikigeuza mara kadhaa, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Nimeona," akasema.

Nikangoja aendelee. Akavua miwani, akauliza kama lori la mchanga limeshakuja.

Nitasema upande wake, kwa kuwa hayuko wa kujisemea. Kiwanja cha gereji kilikuwa cha ndugu ya Nyaga. Kama Mzee angesema amri ilikuwa yake, ingekuwa gereji dhidi ya Nyaga, na tulikuwa watu wengi tuliokula pale, mimi mmoja wao. Njano ilikuwa ya mtu mmoja. Labda alipiga hesabu hiyo. Labda aliona haya tu. Sikumuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

Nilikichukua kile kipande nikaenda nacho chuoni. Meneja alinipokea vizuri, akakiangalia. Hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza, "Unaweza kuniambia kwamba kuchomelea hakukuhusika hata kidogo?"

Na mimi nilijua jambo moja. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma cha pembeni. Paipu nyembamba ikipata moto, kando ya mshono huwa si ile ya zamani, hata fundi awe nani. Paipu ile ilirarukia pale pale kando. Kwa mzigo ule ingeraruka mahali popote, mimi nilifikiri hivyo na bado ninafikiri hivyo. Lakini aliuliza "hata kidogo".

Nikamwambia, "Hata kidogo, hapana, siwezi kuapa. Labda moto ulichangia. Kubwa ni springi."

Alishika ile labda. Alinishukuru kwa kuwa mkweli, akanisindikiza hadi mlangoni. Kazi ya chuo alipewa mtu mwingine, mwenye cheti.

Gitonga alipata habari kabla sijamfikia. Nilimkuta anafunga vitu vyake, barakoa, nyundo ndogo, kaptula ya kazi.

"Nasikia ulikwenda," akasema.

"Nilikwenda."

"Nasikia ulisema labda."

"Aliniuliza kama naweza kuapa. Gitonga, wewe mwenyewe unajua moto unafanya nini kwenye paipu."

"Najua. Ningewafundisha hilo siku ya kwanza." Akafunga kamba ya mfuko. "Mucoore, Mzee alisema ukweli na wewe umesema ukweli. Mimi naenda nyumbani kutafuta watu waongo kidogo."

Akatabasamu, ili nisijibu. Akachukua kopo lake la njano, akaliweka rafuni mahali pake, akaondoka. Mzee alipotoka ofisini alilitazama. Hakutoa amri yoyote. Lakini kijana wa kwanza aliyeajiriwa baada ya hapo alipolinyooshea mkono, Mzee alimwambia, "Si hiyo." Mpaka anakufa ilikuwa "si hiyo", na mimi nilipobaki mkubwa gerejini nikaendelea kusema "si hiyo". Sasa mnajua.

Kuhusu swali la ufundi, kwa kuwa najua mtaniuliza. Ndani kuna faida ya mawe na matope, na gari linaonekana safi. Lakini shokomzoba inasogea kidogo tu wakati gurudumu linasogea sana, kwa hiyo inasukumwa kwa nguvu, inapata moto, na ile pini ya katikati inabeba gurudumu na shokomzoba pamoja. Anayeiweka ndani aimarishe katikati na aache springi laini. Nje ni rahisi, unaiona ikivuja, unaibadilisha ukiwa umechuchumaa. Kwa barabara zetu leo ningechagua nje. Siku ile nilipenda ndani. Na mkiniuliza nilichoulizwa na yule meneja nitajibu vile vile, neno kwa neno. Nimelifikiria sana nikichunga hawa mbuzi. Sijapata jibu lingine lililo kweli.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilinunua kopo jipya la njano nikapanda hadi Muthara. Gitonga ana kibanda chake nyuma ya soko, anachomelea mageti na vitanda, mwanawe ndiye anayeona mishono midogo. Alinipa chai. Aliuliza habari za watoto wangu, kila mmoja kwa jina. Nikatoa kopo, nikamwambia hii ni rangi yake, nimeirudisha, na kule gerejini haijashikwa na mtu.

Alilipokea kwa mikono miwili. Alisoma maandishi yake akiwa amelisogeza karibu na jicho, akasema, "Asante, mucoore. Hii itanifaa."

Nilipita tena huko majuzi kwa ajili ya mazishi ya mtu. Hakuwepo, ila mke wake alinikaribisha. Mageti yalikuwa yamepangwa nje, mapya, nikayakagua yote moja moja. Hayakuwa na tone lolote. Nyuma ya nyumba mlango wa choo ulikuwa wa njano, umepakwa mara mbili, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa kamba.